Mkungu Aliyejisifu Kutolala

Nitamwita Mkungu, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtu, hata na mama yake mzazi. Zamani hizo, huku kwetu Karagwe, mkungu alikuwa mkuu wa kijiji. Juu yake alikuwapo mwami wa tarafa, juu ya mwami alikuwapo Mukama, mfalme wetu, na juu ya Mukama alikuwapo Mwingereza. Kwa hiyo bwana huyu alikuwa na wengi wa kumkanyaga, na waliobaki wa kukanyagwa naye tulikuwa sisi. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu wajukuu zake ni watu wema, na hakuna mtu anayejichagulia babu.

Nilikuwa jirani yake tangu nilipoolewa Isingiro kutoka kwetu Nyabiyonza, mpaka kichwa changu kikaanza kuota mvi. Alikuwa mrefu, mkavu, aliyevaa koti la kaki masika na kiangazi, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Shavu lake moja lilituna siku zote, maana alitafuna kahawa tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, na jua likishakuchwa akaendelea. Sisi sote huku hutafuna kahawa. Mgeni akifika, kabla ya maneno hupewa punje chache zilizochemshwa na majani ya porini zikakaushwa. Ni heshima. Mkungu hakutafuna kwa heshima. Alitafuna kama mbuzi aliyefungwa mahali pasipo na kitu kingine cha kufanya.

Wanaume wa rika lake walijisifu kwa ng'ombe, au kwa watoto, au kwa mikungu ya ndizi iliyoinamisha migomba. Yeye alijisifu kwamba halali. "Mimi sijalala tangu nilipovikwa koti hili," alizoea kusema barazani, akilishika koti lenyewe kifuani. "Ninyi mnakoroma, mimi nawalinda." Hakuna aliyemuuliza anatulinda na nini. Simba walikuwa wamekwisha kuhama, na wezi wa ng'ombe, kama walikuwapo, walikuwa jamaa zake.

Alikuwa na misemo yake juu ya usingizi, na aliirudia mpaka watoto wakaicheza. Usingizi ni chakula cha asiye na shamba. Anayelala mchana anakula jasho la mwenzake. Mwanamume hulala akishazikwa. Mwalimu mmoja wa dini aliyetoka Muleba alimwambia siku moja, kwa utani tu, kwamba watu wa pwani wana methali, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Mkungu akasema, "Ndiyo maana watu wa pwani waliuzwa." Watu wakacheka kwa kuogopa. Mwalimu hakucheka, na hakuja tena barazani mpaka alipohamishwa.

Sasa, huyu mtu asiyelala alikuwa analala. Alilala mchana, barazani, mbele yetu sote, amekaa wima kwenye kiti chake, macho nusu wazi, taya likiendelea kutafuna kidogo kidogo. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Mara moja ndugu wawili walileta kesi ya mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba. Mkubwa alisema mgomba fulani ulipandwa na baba yao, mdogo alisema ulipandwa na yeye, na maneno yakawa marefu. Mkungu alikuwa amezama. Kisha mtu akapiga chafya. Mkungu akashtuka, akatutazama, akakohoa na kukata shauri: "Mwanamke arudi kwa mumewe, na wazazi wake wasimzuie."

Katika kesi ile hapakuwa na mwanamke. Wale ndugu walitazamana. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa kwa kukubali, mmoja akasema, "Shauri limekatwa vizuri, waitu." Huku kwetu *waitu* ndiyo heshima ya kumwita mkubwa, na sijawahi kuisikia ikitamkwa kwa sauti tupu kama siku ile. Wale ndugu walitoka nje wakaumaliza ugomvi wao wenyewe njiani, kwa aibu tu ya kurudi pale. Mkungu akaja kujisifu baadaye kwamba hukumu yake iliwapatanisha.

Lakini usiku kweli hakulala, na kama angekesha peke yake nisingekuwa na la kuandika. Mtu akikosa usingizi ni shida yake na ya mkewe. Mkungu alitaka shida yake iwe ya kijiji kizima. Alianza na majogoo. Alisema wanamkata usingizi alfajiri, wakati ule ule ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, huwa halali. Basi nyumba zote za jirani zikaamriwa kuchinja majogoo wao. Tukala nyama, na mwaka ule hatukupata vifaranga. Kisha akawageukia vyura. Chini ya migomba yake palikuwa na bonde la maji, na masika vyura waliimba. Akawatuma wanaume waingie bondeni na fimbo kuwapiga. Watu wazima, wenye ndevu, walisimama kwenye matope wakipiga maji. Walipotoka, vyura wakaendelea.

Alihamisha kitanda kutoka nyumba ya mke mmoja kwenda ya mwingine, akawalaumu wake. Akageuza kichwa upande wa mashariki, akaulaumu upepo. Akanywa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, mpaka akawa haoni mlango; alilala kidogo, akaamka na kichwa kinamgonga, akawalaumu waliopika rubisi. Akaleta mganga kutoka ng'ambo ya mto Kagera, akapewa majani ya kuchoma ndani, na moshi ule ukamfukuza yeye mwenyewe nje. Hakupata kuulaumu mdomo wake uliokuwa umejaa kahawa.

Lililotuumiza zaidi ya yote ni zamu. Wanaume wa kijiji walipangiwa zamu ya kwenda kwake usiku, kukaa naye kuzungumza mpaka kupambazuke. Waliokesha naye, asubuhi ileile walihesabiwa kwenye kazi ya barabara pamoja na waliolala. Ole wake aliyesinzia na jembe mkononi. Mkungu alimwita mvivu, na alikuwa amesahau kabisa, au alijifanya amesahau, ni nani aliyemkeshesha.

Sitaki kumdhulumu. Nyumba ya mjane mmoja ilishika moto wakati sote tumelala, na Mkungu ndiye aliyeona mwanga, akakimbia peke yake bila koti, akavunja ukuta wa matete na kuwatoa watoto wa yule mama. Mikono yake ilibaki na makovu. Alifanya jambo la kiume, nami nilikuwa miongoni mwa waliompigia magoti kushukuru. Ila miaka yote iliyofuata yule mjane alilima shamba la Mkungu kila msimu, na kila alipomaliza aliambiwa, "Wewe na wanao ni wangu." Hata wema wake aliutafuna mpaka ukaisha utamu.

Mume wangu alikuwa mfugaji. Watu walimwita Baba Koku, kwa jina la binti yetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda masimulizi, na alikuwa na tatizo ambalo wakwe zangu hawakuniambia kabla ya harusi. Usingizi ulimchukua popote. Akila, alilala na tonge mkononi. Akikamua, alilala paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na ng'ombe akavumilia. Na kulikuwa na jambo la ajabu zaidi: akicheka sana, magoti yalimlegea akaanguka chini kama nguo iliyoponyoka kambani. Macho yako wazi, anakusikia, lakini hawezi kuinua hata kidole. Baada ya muda mfupi anasimama, anajipangusa.

Mwanzoni nilidhani nimeozwa mlevi. Nikanusa kinywa chake, hakuna kitu. Nikadhani amerogwa. Mwishowe nikamwuliza mwenyewe, akanijibu, "Sijui, Mama Koku. Nilianza nikiwa kijana wa kubalehe. Unanikuta kama mvua inavyomkuta mtu malishoni. Sikuutafuta." Nikamsadiki, kwa sababu sijapata kumwona akisema uongo hata pale uongo ulipomfaa.

Zamu yake ilipofika, alikwenda kwa Mkungu kama wengine. Yaliyompata huko walinisimulia waliokuwa naye. Mkungu alimkalisha karibu na moto, akamwambia asimulie habari za ng'ombe. Mume wangu akaanza kusimulia, na kabla hajafika katikati usingizi ukamchukua palepale, miguuni pa Mkungu, akakoroma. Mkungu hakumwamsha. Alikaa akimtazama, wanasema, kama mtu mwenye njaa anavyomtazama mwingine anayekula. Akamtazama mpaka kulipokucha. Asubuhi alisema neno moja tu: "Huyu ananidharau."

Tangu siku ile alimwinda. Kwenye kazi ya barabara kuelekea Bugene, mtu mmoja alitoa mzaha, mume wangu akacheka, magoti yakamlegea akaanguka juu ya jembe lake. Wenzake walizoea, wakangoja ainuke. Mkungu alikuwapo. Akasema huyu anajilaza kazini kwa makusudi, akaamuru achapwe viboko mbele ya watu. Nilikuwa nimepeleka ndizi za mchana za wachimbaji, kwa hiyo niliona mwenyewe. Mume wangu hakulia. Alipoinuka alinitazama, akasema polepole, "Usimjibu, Mama Koku. Tutalipa sote." Nikameza maneno yangu, na yalikuwa makubwa kuliko koo.

Viboko havikumponya, maana hakuna aliyewahi kuponywa hivyo. Ndipo Mkungu akapata wazo jingine. Miaka ile malale ilitajwa sana. Mbung'o walikuwa wengi kwenye vichaka vya kuelekea mtoni, na serikali iliwachukua wagonjwa na kuwaweka kambini mbali na watu wao. Wengi hawakurudi. Mkungu akasema mbele ya wazee, "Huyu hana uvivu, kumbe ana malale. Nilikosea. Apelekwe kambini asije akatuambukiza. Ng'ombe wake nitawatunza mimi mpaka atakaporudi."

Nilipoambiwa habari hiyo nilikuwa napepeta maharage. Niliuweka ungo chini, nikaenda hadi kwake, nikapiga magoti kama inavyopasa.

"Shikamoo, waitu."

"Marahaba. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuuliza. Mgonjwa wa malale huugua kwa miaka mingapi kabla hajafa?"

"Mimi si daktari."

"Mume wangu yuko hivi tangu ujana wake, na ana nguvu za kuinua ndama. Kama ni malale, basi malale ya kwetu inanenepesha."

Akatafuna, akanitazama na macho yake mekundu. "Daktari anakuja kupima watu kwenye zahanati," akasema. "Atamaliza maneno yako."

"Hilo ndilo ninaloliomba," nikasema, nikaondoka. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tumekubaliana jambo.

Daktari yule alikuwa Mzungu wa kuzunguka, mtu mfupi mwenye shati lililolowa mgongoni, pamoja na mkalimani aliyekuwa Mhaya wa Bukoba. Alimshika mume wangu shingo kutafuta vivimbe, akamtoboa kidole, akatazama damu yake kwenye hadubini kwa muda mrefu. Kisha akamchoma sindano mgongoni, na hiyo mume wangu aliisema mpaka uzee wake. Mkungu alikuwa amekaa kwenye kiti alichojiletea mwenyewe. Wazee wawili walisimama nyuma yake. Mimi nilisimama mlangoni.

Mwishoni daktari alisema hakuna malale.

"Basi ni uvivu," Mkungu akasema, haraka kidogo.

Mkalimani akatafsiri. Daktari akanigeukia mimi. Aliniuliza yalianza lini, na kama analala vizuri usiku, nikamwambia usiku huamka mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Akauliza kama huota hata kabla hajalala sawasawa, mume wangu akajibu ndiyo, huwaona watu chumbani ambao hawapo. Kisha akauliza swali ambalo mkalimani alilirudia mara mbili akidhani amelisikia vibaya: je, akicheka, huanguka?

Nikasema ndiyo. Nikahisi machozi, kwa sababu katika maisha yetu yote hakuna aliyewahi kutuuliza hilo bila kuambiwa kwanza.

Daktari akaeleza, na mkalimani akatuletea kwa Kiswahili kisha kwa Kinyambo, lugha yetu. Kwamba ni ugonjwa wa usingizi wenyewe, si wa mbung'o, si wa kurogwa na si wa uvivu. Kwamba hauambukizi. Kwamba yeye hana dawa ya kuuondoa, na fimbo haiwezi kuuondoa vilevile kama fimbo haiwezi kumwondolea mtu upofu. Alale kidogo mchana kwa wakati uleule kila siku kabla usingizi haujamvizia. Asile ndizi nyingi kabla ya kwenda malishoni. Asikae peke yake karibu na maji au moto.

Kisha, akiwa anafunga sanduku lake, akamtazama Mkungu machoni. Akasema kitu, na mkalimani akasita.

"Anasemaje?" Mkungu akauliza.

"Anauliza, waitu, kwa siku unatafuna kahawa kiasi gani."

"Mwambie mimi siumwi."

"Anasema macho yako ni ya mtu asiyelala. Anasema uache kahawa baada ya saa sita mchana, na usisinzie mchana. Usiku usingizi usipokuja, usigombane nao kitandani. Inuka, ukae kimya, urudi ukiuona unakuja."

Nyuma ya Mkungu, mmoja wa wale wazee aliinama kufunga kamba ya kiatu. Hakuwa na viatu.

Mkungu akasimama. "Mwambie mkungu hasinzii mchana," akasema, akabeba kiti chake mwenyewe na kutoka. Ng'ombe wetu walibaki zizini kwetu.

Tukaishi na ugonjwa ule kama watu wanavyoishi na mwenzao mkorofi ndani ya nyumba, kwa kujua saa zake. Jua likifika utosini mume wangu alilala, mahali popote alipokuwa, na mpwa wake aliyechunga naye alikaa pembeni. Akiamka alikuwa mzima mpaka jioni. Moto wa jikoni nikauhamishia upande ambao hakai. Koku alipokua alijifunza kumsimulia baba yake vichekesho akiwa ameketi tu. Si kwamba tulipona. Tulizoea, na kuzoea kukafanana na kupona.

Mkungu hakubadili kitu. Habari zake za ndani nilizipata kwa mke wake mkubwa, mwanamke msafi na mkimya, aliyechota maji kisima kimoja na mimi. Baada ya maneno ya daktari, mama huyo alijaribu kuficha kahawa mchana. Mkungu akamrudisha kwa wazazi wake, akakaa huko msimu mzima wa mavuno. Aliporudi, siku moja kisimani, aliweka mtungi chini na kuniambia jambo.

"Mnacheka kwamba hapati usingizi," alisema. "Usingizi unamjia. Anaufukuza. Ile kahawa ni fimbo ya kuufukuzia."

"Kwa nini aufukuze?"

"Jinamizi. Akilala, anaamka hawezi kujinyanyua. Anaona kitu kimemkalia kifuani. Pumzi inakata. Alinishika mkono mara moja akalia kama mtoto, kulipokucha akaniambia nikisema kwa mtu ataniua. Anaogopa kulala, mama. Mchana hulala kwa sababu mpo, mnamwona."

Nilimhurumia yule mama. Mkungu sikumhurumia. Nani hajawahi kukaliwa na jinamizi? Nyanya yangu alitufundisha tulale ubavu, basi. Na huyu, kwa hofu ambayo kila mtoto anaijua, alichinja majogoo wetu, akawasimamisha wanaume matopeni, akampiga mume wangu viboko, na wote walipokuwa wanalia yeye alijiita mlinzi. Nilimdharau zaidi kuliko pale nilipodhani ni mkatili tu. Ukatili una nguvu fulani. Huu ulikuwa woga uliovaa koti la kaki.

Alikuja kuondolewa. Mwami mpya hakumtaka. Alisema anasinzia barazani. Sikucheka niliposikia, maana mume wangu alikuwa karibu na sikutaka aanguke. Koti lilichukuliwa. Wake wadogo wakaondoka, mke mkubwa akafa, na watoto walikuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi. Alibaki na nyumba yenye nyasi zinazovuja.

Alifika kwetu siku moja mchana, wakati Baba Koku ametoka kuamka kwenye usingizi wake wa saa sita. Alikuwa amekonda, na shavu lake halikuwa na kitu ndani. Meno yalikuwa yameisha. Nilimsalimu shikamoo kwa sababu ya umri wake, nikampa kigoda kwa sababu ya mume wangu. Kahawa sikumpa.

Walizungumza habari za mvua. Kisha Mkungu akasema, akitazama chini, "Siku ile kwa daktari ulisema unaona watu ambao hawapo."

"Ndiyo."

"Wanakukalia?"

"Wengine wananikalia. Kuna mmoja mzito. Huja nikiwa siwezi kusogea."

"Mara ngapi?"

"Karibu kila siku."

Mkungu akainua uso. "Kila siku," akasema. "Na bado unalala."

"Nitafanyaje? Usingizi hauniulizi. Nimejua tu kwamba haniui. Namsubiri, halafu anaondoka. Wewe humsubiri?"

"Mimi nimemkimbia," Mkungu akasema. "Tangu sijaota ndevu."

Nikaona uso wa mume wangu ukilegea kwa huruma, nikajua kitakachofuata nami sikuweza kukizuia. Alimwambia, "Lala hapa. Mimi nitakaa karibu. Ukihangaika nitakushika mkono. Ukiguswa anaondoka upesi zaidi."

Sakafu yetu ilitandikwa nyasi, kama nyumba zote za huku, na nilikuwa nimezitandika asubuhi ileile. Mkungu akajilaza juu yake kama mtu anayejilaza kaburini, mikono kifuani. Mume wangu akakaa kando yake, akamshika kifundo cha mkono. Mimi nilikuwa kwenye chungu cha maharage. Nilipogeuka, mume wangu kichwa kilikuwa kimeanguka kifuani, amelala. Mkungu alikuwa macho.

"Amelala," akaniambia, kwa sauti ya malalamiko.

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Nilimtazama mzee yule chini kwenye nyasi zangu. "Basi mwamshe, waitu," nikasema. "Unajua namna ya kumwamsha."

Alinielewa. Midomo yake isiyo na meno ikatafuna hewa. Akamtazama Baba Koku kwa muda, ule mkono ukiwa bado umemshika. Kisha akasema, "Mwache." Akafumba macho.

Sikukaa kumwangalia. Nilikwenda kuchuma majani ya maboga, nikarudi, nikatoka tena kuanika nguo. Niliporudi mara ya mwisho, nyuma ya nyumba kulikuwa na kivuli kirefu, na Mkungu alikuwa amekwisha kuondoka bila kuaga. Mume wangu alikuwa anajinyoosha.

"Alilala?" akaniuliza.

"Alikoroma."

Baba Koku akatabasamu kama mtu aliyeambiwa ng'ombe wake amezaa salama, akaenda kuwakusanya ndama. Nikazikusanya zile nyasi alizozilalia Mkungu, nikazitupa migombani, nikatandika nyingine.